Laptopu kitu na boksi iliyonitoa kijasho chembamba

MWENZENU nimewahi kumdanganya mama yangu mzazi kwa ajili ya laptopu. Ilikuwa Ijumaa usiku, mama kapiga simu kutoka Muheza, akauliza kwa sauti ya mtu aliyelala na swali hilo siku nzima: "Mwanangu, ile mashine ya mdogo wako inafanya kazi?"

Nikamjibu, "Inafanya kazi mama, tena bomba kwelikweli." Wakati nasema hivyo, mashine yenyewe ilikuwa juu ya meza mbele yangu, imeganda tangu saa mbili. Kale kaduara ka kusubiri kalikuwa kanazunguka tu kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Mdogo wangu kakaa pembeni, mikono kichwani, hasemi kitu.

Usinicheke mapema, msomaji wangu. Ungekuwa wewe ungemwambia nini mzee wa watu ambaye ameuza mbuzi watatu?

Ndiyo, mbuzi watatu. Mdogo wangu yuko mwaka wa mwisho chuoni, na ripoti yake ya utafiti alikuwa akiichapa kwa kuazima azima. Leo laptopu ya rafiki, kesho stationeri, keshokutwa mwenye laptopu kakasirika kaifungia. Mama aliposikia hayo akauza mbuzi, akaongeza na pesa yake ya mchezo, akatuma laki tatu na nusu. Mimi nikatoa laki moja na elfu thelathini niliyokuwa naitunzia kodi. Jumla laki nne na themanini. Tukaingia Kariakoo Jumamosi asubuhi, mimi na dogo, tumevaa nyuso za watu wasiodanganyika.

Kumbe mjini shule, na sisi bado tuko chekechea.

Muuzaji alikuwa kijana mtanashati, maneno yanateleza kama kayapaka mafuta. "Sista, hii kitu na boksi! Angalia, hata nailoni haijatolewa. Mwanafunzi anataka nini zaidi?" Akaanzia laki tano na nusu, tukavutana, tukaafikiana. Akatupa na ofa: begi, kipanya, na flashi moja nyeusi ya GB 32. Dogo, ambaye angalau anajua mambo mawili matatu, akauliza RAM ngapi. Jamaa akajibu nne. Dogo akakunja uso. Jamaa hakuchelewa: "Dogo, RAM siyo tatizo, hiyo unaongeza baadaye, fundi yeyote anakuwekea dakika tano."

Neno hilo, "unaongeza baadaye", ndilo lililonitoa pesa mfukoni. Likumbuke, tutalirudia.

Siku ya kwanza ilikuwa raha. Nailoni ikabanduliwa, harufu ya upya, majirani wakaja kuchungulia. Siku ya pili mashine ikaomba kujisasisha, tukairuhusu kwa bando langu, ikameza bando lote na ikaomba lingine. Siku ya tatu ukiiwasha unaweza kwenda kununua vitumbua kwa jirani, ukarudi, ukanawa mikono, ndiyo unakuta inakukaribisha. Ukifungua faili la ripoti na ukurasa mmoja wa intaneti kwa pamoja, basi tena. Unaandika herufi, inatokea baada ya kupiga miayo miwili. Na hifadhi iliyoandikwa GB 64 kwenye boksi ilikuwa imebaki na nafasi kiduchu, wakati sisi hatujaweka hata wimbo mmoja.

Juu ya hayo kukawa na kituko kingine. Dogo alitaka kuweka programu aliyopewa na wenzake darasani, mashine ikakataa katakata: eti inaruhusu tu programu zinazotoka kwenye duka lake yenyewe. Baadaye ndiyo tukaambiwa kwamba ile Windows 11 ilikuja ikiwa katika hali inayoitwa S, ambayo hukuwekea uzio huo. Unaweza kuutoa uzio bila kulipa hata senti, lakini ukishatoka hurudi tena ndani. Sawa na kuaga ukweni.

Nisimsingizie Windows hata hivyo. Windows 11 ilipotoka Oktoba 5, 2021 ilielezwa waziwazi kwamba inataka RAM isiyopungua GB 4 na hifadhi isiyopungua GB 64. Maana yake mashine yetu ilikuwa imesimama juu ya mstari ule ule wa mwisho, vidole vya miguu vinaning'inia. Sheria inatimia, lakini pumzi hakuna.

Fundi mmoja wa Sinza ndiye aliyenielewesha, na alinielewesha kwa lugha ya jikoni. Alisema hivi: hifadhi ni kabati, RAM ni meza ya kukatia mboga. Unaweza kuwa na kabati kubwa, lakini kama meza ni ndogo, kila ukitaka kukata nyanya sharti uondoe kitunguu urudishe kabatini. Huo mwendo wa kwenda na kurudi ndiyo uzito unaouona kwenye kioo. Sasa ile Windows, kabla hujafungua chochote, tayari inatandaza vyombo vyake vya GB mbili na ushee juu ya meza ya GB nne. Kilichobaki ndicho unachokatia mboga zako. Na kabati lenyewe, akasema, siyo la haraka. Ni aina inayoitwa eMMC, ndugu wa ile iliyomo kwenye simu za bei poa.

Nikamwambia, "Hakuna neno fundi, ongeza RAM."

Akafungua mashine mbele yangu, skrubu moja moja. Akaniita nisogee. "Sista, unaona hii? Imechomelewa kwenye ubao. Hakuna tundu la kuchomeka nyingine. Na hifadhi nayo imechomelewa." Halafu akanyamaza, kama daktari anayempa mtu nafasi ya kulia.

Mama aliuza mbuzi watatu, na mimi nikaenda kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nilirudi Kariakoo mbio, hasira zimepanda mpaka utosini. Yule mtanashati hata hakunikumbuka, au alizuga. "Dada, kitu kikishatolewa boksi hakirudi. Kwani haiwaki?" Inawaka. "Sasa je!" Nikabaki nimeduwaa pale na begi langu la ofa. Nisikuchoshe na maneno niliyomwambia, mengine mhariri angeyakata.

Ndiyo ukafika ule usiku wa Ijumaa wa simu ya mama. Ripoti ya dogo ilitakiwa chuoni Jumatano ijayo, saa kumi jioni, na aliyeshindwa kuwasilisha alikuwa anajua kinachomngoja. Kuchapa alikuwa amechapa kurasa arobaini na kitu, kuhusu wachuuzi wa samaki wa Feri, dodoso themanini na nne alizozikusanya mwenyewe alfajiri kwa alfajiri huku akinuka vibua. Kilichobaki ni kumalizia sura ya nne na ya tano. Katika mashine inayotoa herufi moja kwa miayo miwili.

Jumamosi asubuhi nikarudi kwa fundi wa Sinza. Akaniwekea njia tatu mezani.

Ya kwanza, uza hii kwa hasara, nunua iliyotumika lakini yenye RAM nane. Kwa pesa ipi? Tupite.

Ya pili, kuna vijana mtaani wanaweka Windows 10 ya magendo kwa elfu thelathini. Inaenda haraka kidogo. Lakini Windows 10 ilisimamishiwa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025, na ile ya magendo hujui aliyeivunja kaweka nini ndani. "Mdogo wako ataitumia hiyo hiyo kuingilia benki kwenye intaneti," akasema. "Kitu ambacho mwizi amekifungulia kufuli, wewe unakilalia?"

Ya tatu, akasema, iondoe Windows uweke Linux. Bure, halali, na nyepesi.

Hapo nikacheka. Linux mimi nilikuwa naijua kama wadudu wa kwenye sinema, wale jamaa wenye kofia za majaketi wanaoandika herufi za kijani kwenye kioo cheusi wakiiba mabenki. Fundi hakucheka. Akatoa simu yangu mkononi mwangu, akaniuliza ni aina gani. Ni Android. "Basi unayo Linux mfukoni mwaka wa ngapi huu? Moyo wa Android ni Linux. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, tangu Novemba 2017 orodha nzima inaendeshwa na Linux. Wewe unaogopa nini?"

Nikakaa kwenye ndoo nikasimuliwa. Mwanzilishi wake, Linus Torvalds, alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 tu kule Helsinki, Finland, alipotangaza Agosti 25, 1991 kwamba anatengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta, kama mchezo tu, hautakuwa kitu kikubwa. Akaugawa bure pamoja na maandishi yake ya ndani, kila mwenye akili akaongeza chake. Miaka minane kabla yake, mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alishaanzisha mradi wa GNU kwa wazo hilo hilo, kwamba programu iwe huru, mtu aisome, aibadilishe, ampe mwenzake. Vitu viwili hivyo vikaoana, na watoto wao ni wengi mno, kila mmoja na jina lake.

Mmoja wa watoto hao ni Ubuntu, aliyezaliwa Oktoba 2004. Mwenye mradi huo ni Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, yule aliyelipia nauli yake mwenyewe akaenda anga za juu na roketi ya Warusi mwaka 2002. Na jina hilo, msomaji, huna haja ya kamusi. Ubuntu wa Wazulu na Waxhosa ni utu wetu sisi, neno ni lile lile mzizi wake. Mpaka mwaka 2011 walikuwa wanakutumia CD kwa posta mpaka ulipo bila kulipa hata stempu. Fundi alisema yeye bado anazo mbili, kazitundika ukutani kama picha za harusi.

Wala siyo kitu kigeni hapa kwetu. Mwaka 2004 huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na wataalamu wa Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, matunda ya mradi ulioitwa Kilinux. Mimi nilikuwa sina habari. Nauliza tu, wewe ulikuwa nayo?

Fundi akachagua Linux Mint, mtoto wa Ubuntu aliyeanza mwaka 2006, na katika Mint akachagua ile yenye sura inayoitwa Xfce, nyepesi kuliko dada zake. Ukubwa wake karibu GB tatu kupakua. Yeye alikuwa nayo tayari kwenye kompyuta yake, bando langu likapona. Kilichohitajika ni flashi ya kuiandikia, ili laptopu iwashwe kwa kutumia flashi hiyo badala ya hifadhi yake.

Sikiliza sasa kwa makini, maana hapa ndipo kasheshe lilipoanzia.

Usiku uliotangulia, kwa ushauri wa fundi mwenyewe kwenye simu, tulikuwa tumehamisha mafaili yote ya dogo kutoka kwenye laptopu kwenda kwenye flashi. Flashi hiyo ni nyeusi, GB 32, ile ya ofa. Ndani yake nilikuwa nimeshaweka video za kicheni pati ya shoga yangu, GB kumi na moja. Na nyumbani nina flashi nyingine, nyeusi, GB 32, ya muvi za Kikorea zilizotafsiriwa. Zimelingana kama mapacha. Nimechukua moja kwenye droo nimeitia kwenye pochi. Unaona tunakoelekea?

Fundi akachomeka flashi kwenye kompyuta yake, akafungua programu iitwayo Rufus. Likatokea onyo. Akanisomea kabisa, Mungu ni shahidi: "Sista, inasema kila kilichomo humu kitafutika. Kuna kitu?"

Nikajibu kwa pozi, "Muvi tu hizo, nimeshaziangalia. Futa."

Akafuta.

Tukaiwasha laptopu kwa ile flashi. Uzuri wa Linux, na hili nimelipenda, unaijaribu kwanza bila kuiingiza ndani ya mashine. Inafunguka yote kutoka kwenye flashi, unabofya bofya, unasikiliza sauti, unajaribu kamera, unapapasa kile kibao cha kusogezea mshale. Vyote vikaitika isipokuwa waifai. Haionekani kabisa, kama haijawahi kuzaliwa. Fundi akasema hilo ndilo gonjwa la kawaida la mashine za bei poa: kidude cha waifai hutaka kijiprogramu chake cha kukiendesha, na wakati mwingine hakimo. Akachomeka simu yangu kwa waya wa USB, akairuhusu igawe intaneti, Linux ikaidaka pale pale. Akasema tukishamaliza tutakitafutia dereva wake kupitia intaneti hiyo hiyo ya simu. Kweli baadaye ilitafutwa, mashine ikazimwa ikawashwa, waifai ikatokea. Jaribu hivyo kabla ya kukata tamaa.

Basi ikaja ile hatua ya kiume. Mashine inauliza: nifute hifadhi yote niweke Linux Mint? Fundi akaniambia kwamba ufunguo wa Windows iliyokuja na mashine mara nyingi umeandikwa ndani ya ubao wake, kwa hiyo tukijuta tunaweza kuirudisha bila kununua upya. Nikamwangalia dogo, dogo akaniangalia, akabonyeza mwenyewe.

Dakika ishirini na tano hivi. Ikawaka.

Jamani eeh! Mashine ile ile, laki nne na themanini ile ile, ikawaka nikiwa bado nahesabu. Fundi akafungua kipimo cha meza, nikaona mfumo mzima umekalia chini ya GB moja, meza iliyobaki yote yetu. Kwenye kabati pia nafasi ikapanuka. Dogo akafungua kurasa tano za intaneti kwa mpigo, akafungua na LibreOffice, programu ya kuandikia iliyokuja mle mle bure. Herufi zinakimbia na vidole. Kwa mara ya kwanza wiki nzima nikamwona mtoto anacheka na meno yote.

"Haya dada, nipe flashi yangu nirudishe ripoti."

Tukarudi nyumbani, nikaitoa ile ya kwenye droo, nikaichomeka kwa mbwembwe. Ikafunguka. Mstari wa kwanza, Wakorea. Wa pili, Wakorea. Mpaka chini, ni Wakorea watupu.

Moyo ukanilipuka paa! Kijasho chembamba kikaanza kunitoka mgongoni. Nikaangalia ile nyingine mkononi mwa dogo, ile ambayo nilimwambia fundi futa. Dogo hakupiga kelele. Ndicho kilichoniumiza zaidi. Aliuliza tu polepole, "Dada, umefuta ripoti yangu?"

Ripoti kwenye laptopu tulishaifuta wenyewe kwa hiari yetu. Ripoti kwenye flashi nimeifuta mimi. "Hukujitumia hata kwenye imeili?" nikamuuliza. "Bando, dada. Bando lililiwa na masasisho."

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Nilifikiria wale mbuzi. Nilifikiria dodoso themanini na nne. Nikampigia fundi nikilia, wala sioni aibu kusema.

Kitu cha kwanza alichosema: "Hiyo flashi usiiguse. Usiweke kitu, usifute kitu, usiiformati hata ikikuomba. Nakuja."

Akaja na bodaboda saa mbili usiku. Akanieleza kitu ambacho laiti ningekijua tangu zamani. Flashi ikifutwa, mara nyingi kinachoondolewa ni orodha tu, kama kurasa ya mwanzo ya kitabu inayosema sura fulani iko wapi. Kurasa zenyewe zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Linux ya GB tatu iliandikwa mbele, kwenye mwanzo wa flashi. Nyuma yake kuna GB zaidi ya ishirini hazijaguswa. "Ulikuwa na nini kingine humu?" Nikamwambia video za kicheni pati, zilitangulia kuwekwa. Akapiga makofi. "Basi zilikaa mbele. Kama Mungu akipenda, kicheni pati ndiyo imekanyagwa, ripoti iko nyuma yake."

Na dawa yenyewe ikatoka kwenye Linux ile ile. Akaiunganisha na simu, akafungua kile kioo cheusi nilichokuwa nakiogopa, akaandika mstari mmoja tu wa kuomba kifurushi kinachoitwa testdisk. Ndani yake kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec. Jina linasema picha, lakini inaokota hata nyaraka na video. Haisomi ile orodha iliyofutwa. Inapita flashi nzima kipande kwa kipande, ikitambua kila faili kwa namna linavyoanza. Sharti lake moja: unavyoviokota uviweke sehemu nyingine, siyo kwenye flashi ile ile. Tukaviweka kwenye laptopu, ambayo sasa ilikuwa na nafasi.

Ilichukua saa nzima na zaidi. Namba zinapanda: picha kadhaa, video kadhaa, nyaraka tatu, saba, kumi na moja. Dogo anazihesabu kwa sauti kama mtu anayesikiliza mpira redioni.

Kasoro ni kwamba majina hayarudi. Kila faili lina namba ndefu isiyo na maana. Tukakaa kuyafungua moja moja. Barua ya kuomba kazi, tangu mwaka juzi. Mapishi ya biriani. Nusu ya hotuba ya mshereheshaji. Saa sita na robo usiku dogo akafungua moja, likatokea jina la chuo juu, halafu jina lake, halafu wachuuzi wa samaki wa Feri. Tukapiga yowe mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Lakini nisiseme uongo, haikuwa ripoti ya mwisho. Ile ya mwisho ilikuwa imekatika, ikafunguka nusu ikakataa. Tuliyoipata ni ya wiki mbili nyuma, aliyowahi kuipeleka stationeri kuchapisha akaifuta. Sura tatu kamili, ya nne imeanza tu. Takwimu alizokwisha kuingiza hazikupatikana. Bahati ni kwamba dodoso zote alikuwa amezipiga picha, na picha karibu zote zimerudi. Chache zilizokosekana karatasi zake zilikuwa chini ya godoro.

Jumapili, Jumatatu na Jumanne hatukulala. Mimi nasoma majibu, yeye anaingiza. Ile SPSS wanayotumia darasani hatukuwa nayo upande wa Linux, fundi akatuwekea PSPP, ya bure, inafanya yale mahesabu ya kawaida na inafungua mafaili ya mwenzake. Sura yake ni ya kizamani, dogo aliinung'unikia usiku wa kwanza, wa pili akaizoea. Kuna wakati saa tisa alfajiri nilimsikia akisema peke yake kwamba kwenye ile mashine ya mwanzo hii kazi ingechukua mwezi.

Jumatano asubuhi stationeri nusura ituumbue. Faili lililoandikwa LibreOffice lilipofunguliwa kwenye kompyuta yao, jedwali mbili zikahama na kurasa zikasogea. Dogo akarudi mbio nyumbani, akalitoa kama PDF, akalipeleka. PDF haihami. Saa nane na nusu mchana ripoti ilikuwa kwa msimamizi, saa moja na nusu kabla ya mlango kufungwa.

Kama unataka kumwiga dogo, jua kwamba ukiwa fundi wa picha unayetegemea Photoshop, au ofisi yako ina programu ya Windows tu, Linux itakusumbua, baki ulipo. Michezo mingi nayo inagoma. Printa nyingine zinakubali, nyingine zinanuna. Na mashine yetu haikugeuka kuwa mpya: ukifungua kurasa kumi na tano za intaneti na video juu, meza ni ile ile ya GB nne, itajaa. Lakini kuandika, kusoma, intaneti, WhatsApp ya kwenye kompyuta, muziki, inatesa.

Fundi nilimpa elfu kumi na tano, akarudisha tano. Dogo naye sasa amekuwa mtu maarufu hosteli, jana kaniletea wenzake wawili na laptopu zao kitu na boksi, eti wameambiwa kwa dada kuna flashi ya Linux. Nimekuwa nayo, nimeifunga uzi mwekundu.

Mama alipiga tena wiki iliyopita. "Ile mashine inafanya kazi?" Safari hii nilimweleza yote, kuanzia yule mtanashati wa Kariakoo. Akanyamaza kidogo, akauliza kama huyo fundi ameoa. Nikabadilisha mazungumzo.

Wakorea wangu wako salama kwenye droo. Aliyepata hasara ni shoga yangu: katika kicheni pati yake, kile kipande cha yeye kuingia ukumbini na mashangazi wakimtangulia kwa ngoma kimekanyagwa na Linux, hakikurudi. Mpaka naandika haya hajui. Shoga, kama umenunua gazeti leo, nipigie tuongee taratibu.